Reli Ikakata Kona

"Mwalimu Mkuu, mimi nimemaliza vitabu thelathini na vitatu vya maisha ya watu wakubwa, na sijashika hata kimoja kwa mkono."

Shangazi alisema maneno hayo amesimama, katikati ya mkutano wa wazazi, mara tu baada ya Mwalimu Mkuu kulalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawasomi kitu chochote kisichokuwa na bei au tarehe ya kuharibika. Ukumbi mzima ulicheka. Mwalimu Mkuu naye alicheka, akidhani ni utani wa kupoza mkutano. Shangazi hakucheka. Alijishika kiuno, akageuka taratibu kama feni mbovu, akaitazama safu moja baada ya nyingine mpaka kicheko kikaisha chenyewe kwa aibu.

"Anayebisha," akasema, "aje saluni na kichwa chake."

Na ilikuwa kweli tupu. Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na kazi yake ni ususi. Ususi hauna huruma na mtu anayependa vitabu. Mikono yote miwili iko kichwani mwa mtu tangu asubuhi, vidole vimejaa mafuta, na jioni ukifika nyumbani macho yameshafunga duka. Amejaribu sana kusoma kitandani. Ukurasa wa pili humkuta anakoroma, kitabu kimemfunika uso kama paa la kibanda. Lakini yule anayesukwa, yeye mikono yake haina kazi. Kakaa juu ya mto, kainamisha shingo nusu ya siku, hana la kufanya ila kusengenya. Shangazi akaona huo ni uharibifu wa mali. Akapigilia rafu pembeni ya kioo, akaijaza vitabu vya mitumba, akatangaza sheria: atakayesukwa huku anasoma kwa sauti, anapunguziwa bei.

Si kitabu chochote, lakini. Hadithi za kutunga hataki hata kuzisikia. "Mtu kakaa chumbani kwake, kajiamulia nani afe na nani aolewe, halafu nilie mimi?" husema. "Hapana. Niletee mtu aliyeishi." Basi pale saluni, kati ya mafungu ya rasta na chupa za mafuta, walipita wafalme waliopinduliwa, wakunga waliovuka mito iliyofurika, mabaharia, majemadari, na mvumbuzi mmoja aliyejiunguza nyusi mara nyingi hadi zikakata tamaa ya kuota. Mimi nina nusu ya diploma, na katika nusu hiyo sikukutana na hata robo ya watu hao.

Tatizo lilikuwa moja. Mikono ya Shangazi inasikia.

Kitabu kikitulia, mikono inatulia. Kitabu kikihuzunika, mikono inakaza. Yeye mwenyewe hajui. Mawazo yake yako vitani huko, vidole vimebaki nyuma vikilipiza kisasi. Wa kwanza kuonja alikuwa muuza vitenge wa duka la jirani, aliyesoma habari za mfalme aliyepelekwa kukatwa kichwa. Mfalme alipopanda ngazi ya kwanza, nywele zikavutika. Ya pili, nyusi za msomaji zikapanda pamoja naye. Shoka liliposhuka, yule mama alipiga ukelele ambao Shangazi aliuchukulia kuwa ni wa kumlilia marehemu, akampenda zaidi kuanzia siku hiyo. Muuza vitenge alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyepewa habari ya kushtua sasa hivi. Wiki nzima, kila akimwangalia mumewe, mumewe alisema, "Sasa nimefanya nini tena?"

Habari hazina miguu lakini hukimbia. Wateja wakajifunza. Waligundua pia kwamba furaha nayo ina madhara yake: kwenye harusi na sherehe za ushindi vidole vya Shangazi hucheza ngoma, na nywele hufumuka kabla hujamaliza kusifiwa. Kinachotoa mistari iliyonyooka ni sura zinazochosha. Kodi. Madaraja. Ugomvi wa mipaka uliomalizwa kwa barua. Nimewahi kusikia bibi harusi mtarajiwa akinong'ona mlangoni, "Kile cha yule waziri wa mifereji kipo?"

Aliyeigeuza elimu hii kuwa fani ni Karani. Huyo ni mwanamke, karani wa mahakama kweli, sauti yake imekomaa kwa kusoma hukumu, na ana kipaji cha kuinua macho kutoka kwenye ukurasa na kuendelea bila kukosa hata mkato. Kifo alikuwa anakiona kurasa mbili kabla, kama dereva asiye na leseni anavyoona askari, na papo hapo anachepukia njia nyingine. Mdomoni mwa Karani hakuna mtu aliyekufa ovyo. Wote walifariki wakiwa na miaka tisini, usingizini, baada ya kula vizuri. Wasomaji wengine wakamwiga.

Shangazi si mjinga. Aliliona hilo.

"Umegundua kitu, wifi?" alimwambia mama yangu siku moja. "Watu wakubwa wote wanakufa baada ya kula."

"Ndivyo ilivyo, wifi," alisema mama, ambaye alikuwa ndani ya njama ile mpaka utosini.

"Basi mimi usiku nitakuwa nakunywa chai tu."

Na kweli alikunywa chai tu, mwili ukapungua, gauni zikamkaa, na sifa zote akaipa historia.

Uongo huo haukumdhuru mtu kwa muda mrefu, isipokuwa fundi viatu. Mkewe alipomkimbia, Shangazi alimwita pembeni akamwambia, "Vumilia. Hata yule jemadari aliachwa na jeshi zima ng'ambo ya mto. Likarudi lote, likaomba radhi." Fundi viatu bado anasubiri.

Kisha kikaja kitabu cha mjane wa kinu.

Huyo alikuwa mwanamke wa nchi ya mbali, zama za reli kuanza kuingia kila mahali. Mumewe alimwachia kinu cha kusagia nafaka. Kampuni ya reli ikataka kupita palepale, ikampa kiwanja kingine mlimani. Akakataa. Ikarudi, akakataa. Ikarudi tena, akawafungia mlango akawasha kinu ili asiwasikie. Shangazi alimpenda mjane yule kupita wafalme wote. Siku ya kufika mwisho wa jambo, msomaji alikuwa Karani, na mkono wa Shangazi ulikuwa umefika kwenye kipaji cha uso, upande wa kushoto, ambako hata kope zina uhusiano na nywele. Karani akachungulia ukurasa unaofuata. Akafumba macho. Akasema kwa ile sauti ya hukumu: "Basi wakuu wa kampuni walipouona msimamo wake, wakarudi kwenye ramani zao, na reli ikakata kona."

Kuanzia siku ile, kila jambo lilijibiwa hivyo. Umeme umekatika: reli itakata kona. Mteja analia bei: reli haikati kona hapa, mama, lete pesa.

Haikupita muda, mwenye nyumba akaja. Sisi tunamwita Mzee Funguo, kwa sababu hutembea na funguo za vyumba vyote kiunoni, na unamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa na shida ya kibaba. Mwanawe amemaliza shule, yuko nyumbani anakula, na mzee ameamua kumfungulia duka la simu kwenye chumba cha chini kinachotazama barabara. Chumba hicho ndicho saluni.

"Mama, mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi," alisema kwa upole. "Sikufukuzi. Kuna chumba juu. Kikubwa kuliko hiki, kina bomba lake, madirisha pande mbili, kodi ileile. Chagua mwenyewe: juu au nje."

Shangazi hakuinua hata macho. "Mzee, unazo habari za mjane wa kinu?"

"Wa mtaa gani?"

"Kampuni ilimfuata mara tatu. Alikataa mara tatu. Reli ikakata kona."

"Mama, mimi sina reli. Nina kijana hana kazi."

"Basi naye akate kona."

Mzee Funguo alirudi mara ya pili, akajibiwa hivyohivyo. Mara ya tatu Shangazi aliwasha draya zote mbili ili asimsikie. Mzee akaandika kwa chaki mlangoni: SIKU YA MWISHO WA MWEZI NAKUJA NA KUFULI. Shangazi akaifuta kwa taulo, akarudi kazini anaimba. Mtu ambaye anajua hadithi yake inakoishia ana raha ya ajabu.

Wateja ndio walikosa raha. Chumba cha juu kilikuwa na foleni ya watu wanaokitaka. Kuna fundi cherehani alikuwa ameshapima mapazia. Shangazi akikataa mpaka siku ya mwisho, angebaki na kioo na rafu yake barabarani, na miaka yote ya kuwajenga wateja ingeishia hapo. Na kama angekataa, ni kwa sababu ya ukurasa ambao haupo.

Karani alimvuta mama yangu mpaka nyuma ya jengo.

"Mimi ndiye niliyeipindisha reli," akasema.

"Ulikuwa umefikia wapi?"

"Kipaji. Kushoto."

Mama akajishika kipaji chake. Mwanamke yeyote aliyewahi kusukwa kipaji na Shangazi hawezi kumhukumu mwenzake.

"Sasa mwambie," akasema mama.

"Nimwambie mimi? Jumamosi nasimamia harusi ya mdogo wangu. Unataka nitokee kwenye picha zote nimeshtuka? Mwambie wewe, ndiye wifi yake."

"Ndiyo maana siwezi! Mimi nikimwambia aondoke, atasema nimehongwa na Mzee Funguo. Wifi akikupa maji unanusa kwanza, hujui?"

"Basi usimwambie. Msomee."

Siku ya mwisho wa mwezi, asubuhi, mama alimeza vidonge viwili vya maumivu, akasubiri vifanye kazi, akaenda saluni, nami nikamsindikiza. Karani alimfuata, akajificha chini ya draya.

"Wifi!" Shangazi alishangaa. "Leo umekuja bila kuitwa. Kuna mtu kafa?"

"Bado. Nisuke."

"Mtindo gani?"

"Twende kilioni."

"Haya. Na kitabu?"

"Cha mjane. Nimesikia ni kizuri, nataka nikisome mwenyewe."

Shangazi alifurahi kama mtu aliyeombwa picha ya mjukuu wake. Alianza nyuma ya shingo, mama akaanza pale kampuni inaporudi mara ya tatu. Mlango ukafungwa, kinu kikawashwa. Shangazi akawa anatikisa kichwa, anajua kinachokuja, tabasamu limeshajiandaa. Mama akafungua ukurasa.

"'Asubuhi iliyofuata,'" akasoma, "'mafundi wa reli walikuja na nyundo na ng'ombe wa kuvuta. Mjane alitolewa akiwa amebebwa pamoja na kiti alichokalia. Kinu kilibomolewa siku hiyohiyo. Kiwanja cha mlimani alikuwa amekikataa kwa maandishi, na kampuni ilikuwa imeshampa mtu mwingine.'"

Vidole vikasimama.

"Rudia."

Mama akarudia. Safari hii nywele zilianza kusafiri kuelekea nyuma.

"Wifi, reli ilikata kona."

"Haikukata, wifi. Ilipita jikoni kwake."

"Karani!"

Miguu chini ya draya ikajikunja.

"Karani, nakuita!"

"Sikusikii, dada! Draya inapiga kelele!"

"Draya haijawashwa."

Karani akatoa kichwa taratibu kama kobe. Muuza vitenge, aliyekuwa mlangoni anajifanya anasubiri chenji, akaanza kuondoka kinyumenyume. Shangazi akamnyooshea kitana. "Wewe rudi. Na wewe ulinisomea wengi. Leo nataka kujua." Akashika nywele za mama kwa mkono mmoja kama hatamu. "Jemadari. Jeshi lake lilirudi?"

"Halikurudi," alisema Karani.

"Na yeye?"

"Walimkuta mtoni."

"Anaoga?"

"Hapana, dada."

Mama alitoa sauti nyembamba. Shangazi hakuisikia, alikuwa kando ya mto.

"Yule aliyekwenda kwenye barafu?"

"Aliganda," alisema muuza vitenge.

"Si ulisema alikuta nyumba ya wawindaji, akapewa uji?"

"Nyumba aliiona kwa mbali. Lilikuwa jiwe."

"Na mbwa wake?" Shangazi aliwapenda sana wale mbwa. Karani akatazama sakafu. "Nauliza, na mbwa?"

"Mbwa walitangulia," alisema Karani.

"Walitangulia wapi?"

"Sufuriani."

Adhuhuri ile watu walikufa saluni kama nzige. Alikufa mvumbuzi, kwa moshi. Alikufa mkunga, gerezani. Malkia, ambaye kwa miaka mitatu Shangazi alimjua kama bibi mwenye bustani ya maua na wajukuu, alikufa kwa sumu aliyotiliwa na haohao wajukuu. Kila mmoja alipofariki, mama yangu alimsindikiza kwa chozi la kweli. Mpita njia mmoja alichungulia, akawaona wanawake wanne wanalia, akavua kofia.

"Lakini kwa nini?" Shangazi alilipuka mwishowe. "Miaka yote hii! Mlinifanya mtoto? Mliniona sina moyo wa kusikia?"

"Moyo unao!" Karani alisimama. Ule woga ulikuwa umegeuka kuwa kitu kingine. "Mikono ndiyo hatuiwezi! Unatung'oa, dada! Mtu akifa kitabuni, unatuzika sisi!"

"Mimi?"

"Wewe!" Karani akafungua kitambaa, akaonyesha kipaji chake, ambacho kwa kweli kilikuwa kimeanza kuhamia katikati ya kichwa. Muuza vitenge akafungua chake. Shangazi akawaangalia. Kisha akateremsha macho kwenye mkono wake mwenyewe, akamwona wifi yake amening'inia mle, macho yamevutwa mpaka yamekaribia masikio.

Akaachia. Mama akaanguka mbele kama gunia.

Shangazi alikaa kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa wakati wa kazi, mikono mapajani kama vitu vya watu alivyowekewa amana.

"Kile kiwanja cha mlimani," aliuliza taratibu. "Kilikuwa kibaya?"

Mama, huku anajipapasa utosi kuhakikisha bado upo, akatafuta mahali. "'Kilikuwa na chemchemi,'" akasoma, "'na upepo mzuri kuliko wa bondeni.'"

"Na kinu kinataka nini?"

"Wifi, mimi si fundi wa vinu. Lakini nadhani maji na upepo."

"Mpumbavu," alisema Shangazi. Akachukua taulo, akajifuta vidole. "Maskini."

Nje, funguo zikaanza kulia.

Mzee Funguo aliingia na kufuli mkononi na karatasi mfukoni, amevaa koti, amekuja kwa vita. Alikohoa. Kabla hajafungua mdomo, Shangazi akasema, "Mzee, naenda juu."

"Mama, nimevumilia sana, na kama..." Akakatika. "Unaenda wapi?"

"Juu. Lakini sinki na vioo unapandisha wewe na huyo kijana wako asiye na kazi. Leo. Na kikivunjika kioo, nahamia sebuleni kwako."

Mzee alitazama kufuli, akatazama karatasi. Alionekana kama mtu aliyekunja ngumi akapewa mkono. "Sasa mimi nilikuwa nimejiandaa," alisema kwa huzuni. "Nimekesha naandika."

"Basi soma tu," alisema Shangazi. "Hapa tunasoma."

Akasoma. Ilikuwa hotuba ndefu kuhusu subira na haki ya mwenye mali, na kwenye aya ya pili ilikuwa imeshachosha vya kutosha, hivyo Shangazi akainuka akamalizia kichwa cha mama palepale. Mistari ilinyooka kama ya daftari. Mzee alipomaliza tulimpigia makofi, akasema asante, akavua koti, akabeba upande mmoja wa sinki.

Huko juu mambo yamebadilika. Vitabu vyote vimeanza upya kutoka ukurasa wa kwanza, na kuruka ni marufuku. Shangazi anasuka anasikiliza, na akihisi hewa ya kitabu inabadilika anauliza, "Anakufa?"

"Anakufa."

"Subiri."

Anaachia nywele. Anajifuta mafuta kwenye taulo, anasogea dirishani, anafunga mikono mgongoni na kushika kiwiko chake mwenyewe kwa nguvu zote. "Haya, afe." Msomaji anasoma kwa utulivu, mtu wa watu anakufa kifo chake cha kweli, Shangazi anafuta macho kwa bega, kisha anarudi. Kiwiko chake kina alama. Kuna vitabu vya vita ambavyo kichwa kimoja huchukua siku mbili.

Usiku ameanza kula. Gauni zinalalamika.

Tabu iliyobaki ni ngazi. Wateja wa zamani wanaingia chini kwa mazoea. Wiki iliyopita bibi mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye duka la simu, akakaa, akavua kitambaa, akamwambia kijana wa Mzee Funguo, "Mwanangu, anza nyuma, na ole wako uniumize." Kijana alikuwa hajapata mteja tangu afungue, akaogopa kumpoteza, akatafuta kitana. Ndipo Shangazi akaagiza kibao kwa mchora mabango, chenye maandishi mekundu, SALUNI IKO JUU, na mshale.

Kibao, pamoja na mshale unaokata kona, kimemgharimu Shangazi shilingi elfu kumi na nane.